Mawe Niliyoyachemsha

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Nimenunua daftari hili nikitoka kazini kwa sababu mambo haya nikimweleza mtu ataniambia nina kijicho. Ninacho. Nimeshasema, tuendelee.

Wifi yangu anamtaka mwanangu, Chiriku. Hakutamka hivyo, ana akili mno kutamka hivyo. Juzi alikuja, akanywa chai yangu, akaisifu, kisha akamwambia mdogo wake, yaani mume wangu, kwamba shule mpya ya Chiriku iko nyuma ya nyumba yake kabisa, kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu kupanda mabasi mawili gizani ni kumtesa bure, na kwamba chumba cha wageni kwake hakina mgeni. "Akae kwangu siku za shule, wikiendi arudi kwenu," alisema. Mume wangu akaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle. Halafu akatoa hukumu ya mtu asiyetaka ugomvi na dada yake wala na mkewe: muhula ukikaribia kuisha, mtoto aseme mwenyewe anataka kukaa wapi.

Kwa hiyo nina muhula mmoja wa kumfanya aseme hapa.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda kumchukua kwa Wifi. Kila Jumamosi yuko huko, kwa ajili ya tangi. Sebuleni kwa Wifi kuna tangi la samaki wa maji ya chumvi, refu kama kitanda changu, na ndani yake mna mawe ya zambarau na samaki wenye rangi ambazo hata kwenye maduka ya vitambaa sijaziona. Wifi ana duka la miwani na hana mtoto. Muda wake wote unaishia mle.

Mwanangu aliitwa Chiriku na baba yake kwa sababu alianza kuongea kabla meno hayajamtoka vizuri. Nyumbani siku hizi ni "ndiyo Mama", "hapana Mama", "nimeshiba Mama". Leo nimekaa kwenye kochi la Wifi mpaka makalio yakafa ganzi, nikimsikiliza mwanangu akimwaga maneno kama bomba lililopasuka, na hakuna hata moja lililokuwa langu. "Dakika tano tu, Mama." Nilitabasamu. Mashavu yananiuma mpaka sasa.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Kazi nyingi. Roho bado inaniuma.

Jumapili, 15 Machi

Nimenunua tangi!

Kuna mpiga picha mtaa wa pili anafunga studio. Pale wateja wanaposubiri alikuwa na tangi, dogo kuliko la Wifi, sawa na meza ya kusomea, na kioo kimoja kimekwaruzwakwaruzwa kama mtu alikisugua kwa mchanga. Amenipa na chujio linalokoroma, hita, pampu ya kuzungusha maji, taa inayowaka upande mmoja, na ndoo ya chumvi ya matangi iliyogeuka jiwe. Tumevileta kwa mkokoteni chini ya turubai, mimi nyuma nikisukuma na tope limenifika magotini.

Mpiga picha alinifuata mpaka mlangoni. "Mama, usiharakishe. Maji ya chumvi yanataka kukomaa. Kaa nayo wiki nyingi kabla hujatia samaki."

"Yakomae ni maembe?" nilimwuliza.

Akacheka, lakini hakuondoa neno lake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi kwa upande wa usafi, maana usafi ndiyo kazi yangu. Na ni kweli. Mimi ni mtakasaji wa vyombo vya upasuaji hospitalini. Mikasi, koleo, visu, vyote vinanijia na damu, mimi nasugua, nafunga, natia kwenye mashine ya mvuke, na vikitoka hakuna kidudu kilichobaki hai. Daktari anakata mtu tumbo akiniamini mimi bila kunijua.

Jumatatu, 16 Machi

Linavuja. Pembe ya nyuma. Sebule nzima maji.

Alhamisi, 19 Machi

Mume wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji, amekwangua gundi ya zamani na kupaka mpya. Alikuwa amepiga magoti, tochi mdomoni. Alipoitoa akasema, "Maisha yangu yote wateja wanalia friji inatoa maji. Wewe umenunua linalovuja kwa hiari yako."

"Dada yako hanishindi kwa kioo," nikamjibu.

Hapo hakucheka. Akaniuliza kama tangi ni la mtoto au ni la dada yake. Nikajitia hamnazo, nikaenda kuanika nguo, na mvua yenyewe ilikuwa inanyesha.

Ijumaa, 20 Machi

Halivuji tena. Chiriku amerudi shule, akaliona, begi likaanguka chini lenyewe. Ameongea mpaka chakula kikapoa! Amenionyesha chujio linakaa wapi, kwa nini chumvi inakorogwa kwenye ndoo pembeni na si ndani ya tangi, kwa nini hita isiwashwe nje ya maji. Nilikuwa na raha mpaka nilipogundua kila sentensi inaanza na "Shangazi anasema". Shangazi anasema hivi, Shangazi anasema vile. Nimemwomba anipitishie chumvi ya mezani, angalau hiyo haina shangazi.

Jumatano, 25 Machi

Maji yamejaa, yana chumvi inayotakiwa, yanazunguka. Meupe, hayana kitu. Nimeyatazama nikasikia fahari.

Jumamosi, 28 Machi

Chiriku alikwenda kwa Wifi kama kawaida. Amerudi na ndoo yenye mfuniko na ujumbe: "Wifi, nimekutolea mawe kwenye tangi langu. Yaweke kama yalivyo. Yana uhai, ndiyo yatakayolianzisha la kwako."

Nimefunua. Jamani. Utelezi wa kijani, harufu ya matope, na kwenye tundu moja mdudu mwenye miguu isiyo na idadi akanipungia. Nikafunika haraka. Mtu anakuletea uchafu wa nyumba yake kwa ndoo, na wewe useme ahsante.

Jumapili, 29 Machi

Niandike nilichofanya, maana nimekifanya mlango ukiwa umefungwa na nilijua kwa nini nimeufunga.

Chiriku alikwenda na baba yake kununua waya. Nikachukua sufuria kubwa, nikachemsha maji, nikayatia mawe ya Wifi moja moja. Nikayaacha yatokote. Kisha nikayasugua kwa brashi ya kazini, ile ngumu, mpaka yakawa meupe kama mifupa. Sitasema uongo humu: niliogopa wadudu, ni kweli, lakini kilichonipa nguvu ya mkono hakikuwa wadudu. Sikutaka tangi langu lianzishwe na yeye. Nilisugua nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu alipokunywa ile chai.

Nimeyapanga ndani vizuri. Chiriku alirudi, akayatazama muda mrefu.

"Mbona yamekuwa meupe?"

"Nimeyasuuza kidogo."

Wakati wa kula alikaa amelipa tangi mgongo.

Ijumaa, 3 Aprili

Maji yananuka kidogo. Nimetia manukato kwenye mapazia.

Jumamosi, 4 Aprili

Amebaki nyumbani! Jumamosi, na amebaki nyumbani!

Jana nilipita kwenye duka la samaki nikanunua wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Muuzaji aliuliza kama maji yamekomaa, nikamwambia tangu zamani. Leo asubuhi Chiriku alipoamka walikuwa ndani wanaogelea. Alinikumbatia shingoni mpaka nikakosa hewa. Kutwa nzima hakutoka sebuleni. Mchana Wifi akapiga simu kuuliza mbona mtoto hajafika, nami nikamjibu kwa sauti ya asali, "Leo ana wageni wake hapa, wifi." Akauliza, "Samaki? Mapema hivi?" Nikamwambia kwetu mambo huenda haraka.

Nimeshinda kutwa nikiimba jikoni.

Jumapili, 5 Aprili

Samaki wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji. Wanahema. Chiriku amesimama hapo na pijama tangu asubuhi.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamekufa wote wawili. Sikwenda kazini.

Chiriku hakulia kwa sauti. Aliwatoa kwa kikombe, akawaweka juu ya gazeti, kisha akaingia jikoni. Nikasikia anafungua kabati la chini. Alitoka ameshika ile sufuria kubwa. Nilikuwa nimeiosha, lakini chini ya ukingo palibaki mstari wa mchanga mweupe.

"Mama, uliyachemsha?"

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na maneno tayari.

"Niliyachemsha."

"Yalikuwa na vile vidudu visivyoonekana. Ndivyo vinavyokula sumu ya mavi ya samaki. Shangazi alikutumia kwa makusudi, kavitoa kwake." Alisema taratibu, kama nesi anayemweleza mgonjwa kiziwi. "Umeviua, halafu ukatia samaki kwenye sumu."

"Sikujua, mwanangu."

"Uliambiwa yaweke kama yalivyo. Ulijua."

Baba yake alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Hakunitetea, na alikuwa na haki ya kutonitetea.

Jumanne, 7 Aprili

Mapumziko ya katikati ya muhula yameanza. Ameomba kwenda kukaa kwa shangazi yake. Ameenda.

Jumatano, 8 Aprili

Nimepiga simu kumtakia usiku mwema kabla jua halijazama. Walikuwa wanacheka, wote wawili, nikasikia kabla simu haijakamatwa vizuri. Chiriku akasema "niko salama, Mama," na kicheko kikiwa bado kinamtoka pembeni ya maneno. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote. Nilimchukia kwa urefu wake, kwa miwani yake, kwa kochi lake laini, kwa jinsi asivyowahi kunisema vibaya popote. Angenisema vibaya mara moja tu ningepumzika.

Alhamisi, 9 Aprili

Tangi linanuka kama samaki wa juzi. Mume wangu amesema nilimwage tu. Nikasema nitalimwaga kesho.

Jumapili, 12 Aprili

Sikulimwaga, na leo Wifi amekuja mwenyewe.

Mvua ilikuwa ya ndoo. Nilifungua mlango nikamkuta amelowa, miwani imejaa matone, ndoo mbili mikononi na Chiriku nyuma yake na ya tatu. Nikajiandaa kusikia hotuba. Badala yake akavua viatu, akakunja mkono wa gauni lake zuri, lile la kijivu, akauzamisha kwenye maji yangu machafu mpaka begani.

"Pampu nzuri hii," akasema. "Ulipata wapi?"

"Wifi, mawe yako niliyachemsha."

"Najua. Nimeletewa mashtaka kamili, na ushahidi." Akamtazama Chiriku, ambaye ghafla akawa na kazi jikoni. Kisha akashusha sauti. "Nikuambie kitu na usicheke? Mwanao ananimaliza. Nikipika, 'Mama hakati kitunguu hivyo.' Nikitandika, 'Mama hukunja pembe.' Jana nimenyanyua kijiko kilichoanguka, nikapewa darasa la vijidudu mezani kwangu mwenyewe. Nina tangi la miaka kumi, wifi, na mtoto anakaa mbele yake ananisimulia habari za mashine yako ya mvuke. Wewe unadhani wivu unao peke yako?"

Nikamletea taulo.

Tulifanya kazi mchana kutwa. Tulitoa nusu ya maji, tukakoroga mapya, akaweka mawe mengine kutoka kwake, yakiwa na utelezi na wadudu wote. Yule wa miguu mingi alikuwepo, au ndugu yake. Wifi aliniona nimekunja vidole. "Acha mikono mfukoni," akasema, "hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi mzima." Chiriku akacheka. Nilicheka nao, na katikati ya kicheko niliona wanavyoegemeana mabega, na kile kitu kikanichoma palepale pa siku zote.

Alhamisi, 16 Aprili

Mikono mfukoni.

Jumatano, 22 Aprili

Kioo kimeanza kuwa na utando wa kahawia. Mawe ya kahawia, mchanga wa kahawia, kama mtu amemwaga chai. Nimesimama mbele yake na kitambaa. Chiriku, bila kugeuka kutoka kwenye vitabu vyake: "Usifute, Mama. Ni hatua, itapita." Ana macho kisogoni, kama mimi.

Jumapili, 26 Aprili

Maji yamepungua kwa vidole viwili. Nikachota ya chumvi niongeze, Chiriku akanishika mkono. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji matupu yaliyochujwa, la sivyo mwisho wake unakuwa na achari. Nimemwuliza nani kamfundisha. "Nimesoma mwenyewe," akasema, na nikaona amenidanganya ili nisiumie. Kwa hiyo sasa ninaonewa huruma na mtoto.

Jumamosi, 2 Mei

Kahawia inapungua! Sikugusa!

Jumatano, 6 Mei

Chiriku anapima maji kila alfajiri kabla ya basi. Anatia matone kwenye kichupa, anasubiri rangi imwambie kama sumu imerudi, anarudisha vitu mahali pake. Nimemwambia apunguze, alale kidogo zaidi. "Nani atapima?" akauliza. Mvua haijakatika tangu Jumapili na basi la kwanza siku hizi linachelewa, kwa hiyo anatoka mapema zaidi.

Jumapili, 10 Mei

Samaki mmoja. Wa buluu, mdogo kama kidole gumba changu, ana mkia wa manjano. Tumemtia sote watatu, mimi, Chiriku na baba yake. Jioni alikuwa anakula.

Jumamosi, 16 Mei

Amesema!

Tulikuwa mezani. Baba yake akamwuliza, kwa upole, kama ameshafikiria lile jambo la kuhamia kwa shangazi yake. Chiriku akasema, "Nitabaki hapa." Bila kusita. Nilidondosha uma. Nilitaka kusimama juu ya kiti.

"Kwa nini?" baba yake akauliza. Mimi nisingeuliza.

"Tangi la Shangazi linajiendesha. La Mama bado. Nikiondoka ataliosha."

Tukacheka. Nimeosha vyombo nikicheka. Wifi akapiga simu baadaye, alishaambiwa. "Hongera, wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilitegemea kufurahi zaidi ya nilivyofurahi.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeshinda. Naliandika tena nilione: nimeshinda.

Jumatano, 20 Mei

Mwalimu wake wa hesabu ametuma ujumbe. Chiriku amelala katikati ya mtihani wa kufunga muhula. Si kusinzia, amelaza kichwa kwenye karatasi akalala, na walipomwamsha alikuwa amejibu maswali manne tu.

Aliporudi hakunieleza, na mimi sikumwambia kwamba najua. Alivua viatu, akaenda kwenye tangi moja kwa moja, akatia matone kwenye kichupa. Alikuwa na alama ya dirisha la basi kwenye shavu. Akasubiri rangi huku macho yanafumba yenyewe. Nilimtazama kutoka jikoni, na hapo ndipo nilipoelewa amebaki kwa ajili ya nini. Hakubaki kwa sababu ananipenda kuliko shangazi yake. Amebaki kwa sababu ananiona mimi ni mtu wa kuangaliwa, kama yule samaki. Na mimi nililichukua jibu lile nikaita ushindi.

Sikulipenda hata kidogo jambo hili. Nimelala nalo.

Ijumaa, 22 Mei

Nimemwambia baba yake. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi atadhani tumemfukuza." Nikamwambia hata mimi nikimwambia atadhani hivyo. Akasema basi tafuta njia.

Jumapili, 24 Mei

Asubuhi nilimwambia Chiriku naona ni vizuri muhula ujao akakae kwa shangazi yake, siku za shule. Alinitazama kama nimemtukana.

"Na tangi?"

"Nitaliangalia mimi."

"Hutaweza, Mama."

"Nipime."

Nilidhani atacheka. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono kama mkaguzi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tangi, mikono ndani, narekebisha jiwe lililoegemea kioo.

"Maji yakipungua unaongeza nini?"

"Maji matupu, yaliyochujwa."

"Kichupa kikionyesha kijani kibichi?"

"Nabadilisha maji. Sehemu, si yote. Na silishi siku hiyo."

"Kahawia ikirudi?"

"Naiacha."

"Hata wageni wakija?"

"Hata wageni wakija."

Niliona anatafuta swali gumu, na niliona pia kwamba anatamani nilikose. Mimi mwenyewe nilitamani nilikose. Jibu moja baya tu, na angebaki, na hakuna mtu angenilaumu.

"Na likitokea jambo usilolijua?"

Jibu lililokuja kwanza lilikuwa, nitakuita wewe. Lilikuwa tamu, na angelipenda, na angepanda mabasi mawili kila nikipiga simu. Nikalimeza.

"Nitampigia shangazi yako," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli. Hata kama ni la kijinga. Nitampigia nimwulize, na atakavyoniambia ndivyo nitakavyofanya."

Alinichunguza usoni muda mrefu, akitafuta uongo, na uongo haukuwepo. Wivu ulikuwepo, tele, lakini hakuwa ameniuliza kuhusu wivu. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na akanyoosha mkono.

"Basi nipe simu, nimwambie mwenyewe."

Nikatoa mikono kwenye maji, nikaifuta kwenye gauni, nikampa.